Anza na Intaneti Yako, Kamera Baadaye: Jinsi ya Kuchagua Kamera ya Ulinzi Inayoendana na Laini ya Nyumbani

Watu wengi wakitaka kuweka kamera nyumbani wanaanzia dukani. Mtu anafika pale Mutaasa Kafeero, jengo la maduka ya vifaa vya umeme hapa Kampala, anaoneshwa boksi lina picha ya kamera inayozunguka, megapikseli nane, inaona usiku kama mchana, bei imekaa vizuri, analipa anabeba. Akifika nyumbani Kyanja ama Bweyogerere ndo anagundua kamera inataka intaneti kila saa, na intaneti yenyewe aliyonayo ni mifi, kile kirauta kidogo cha simkadi, ya bando la mwezi ambalo familia nzima inakula humo humo, watoto katuni, baba mpira. Wiki ya kwanza bando limeisha, picha inakwama kwama, kamera inachomolewa inaingia kabatini. Hii naiona mara nyingi sana na inaniuma, manake kamera yenyewe haikuwa mbaya, tatizo haikuwa ya laini ile.

Hivo kabla hujauliza kamera gani nzuri, uliza laini yangu inaweza kubeba nini. Ukishajua hilo, nusu ya kamera za dukani zinajiondoa zenyewe na unabaki na chache za kuchagua.

Kwanza pima, usikisie

Kitu cha kushika kabisa ni kwamba kamera inapandisha, haishushi. Tukiongea spidi ya intaneti mara nyingi tunaongea ile ya kushusha, ya kufungua video, na wanaouza laini wanatangaza hiyo hiyo kwenye mabango. Ila kazi ya kamera ni kutoa picha nyumbani kwako na kuipeleka nje hadi kwenye simu yako ukiwa kazini au safarini, kwahiyo inatumia upande wa kupandisha, na upande huo kwenye laini nyingi za simu ni mwembamba, unaweza kukuta unashusha 20 Mbps (megabiti 20 kwa sekunde) halafu unapandisha 2 tu.

Kwahiyo fungua tovuti yoyote ya kupima spidi, simu ikiwa kwenye waifai ya nyumbani, na upime saa mbili au saa tatu usiku wakati mtaa mzima uko mtandaoni. Ukipima saa kumi alfajiri utapata namba ya kufurahisha ambayo haitakusaidia, maana mwizi anaweza kuja hata saa ambayo laini imejaa watu. Rudia jioni kadhaa, pima na siku ya mvua pia, kisha chukua namba ya kupandisha iliyo ndogo kuliko zote. Hiyo ndo laini yako halisi. Halafu igawe mara mbili, nusu moja waachie watu wa nyumbani, nusu nyingine ndo bajeti ya kamera zako zote kwa pamoja.

Sasa kamera inakula kiasi gani? Inategemea ubora wa picha na namna inavyoibana. Namna za kubana video utakazokuta zinaitwa H.264 na H.265. Kamera ya 1080p, ambayo ni megapikseli 2, ikibana kwa H.264 inatumia kama 2 Mbps, na ikibana kwa H.265 inaweza kushuka hadi kama 1 Mbps kwa picha ile ile. Megapikseli 4 kwa H.265 weka kama 2 Mbps. Za megapikseli 8, zile wanazoita 4K, hesabu 4 hadi 8 na usiku inaweza kuzidi kwasababu gizani picha inajaa chenga, na chenga ni ngumu kubana. H.264 ni kiwango cha mwaka 2003 na H.265 ni cha 2013, kwahiyo saa hizi hakuna sababu ya kununua kamera mpya isiyokuwa na H.265, ila kama simu yako ni ya zamani sana jaribu kwanza kuangalia video yake maana simu nyingine zinahangaika kuifungua.

Kwa hiyo mtu mwenye kupandisha 2 Mbps, bajeti yake ni 1 Mbps, yaani kamera moja ya 1080p iliyobanwa vizuri. Si 4K, wala si kamera nne. Najua inakatisha tamaa ukiiona hivo kwenye karatasi, lakini kamera moja ya 1080p inayofunguka kila ukiigusa ina faida kuliko 4K inayozungusha duara wakati mtu anaruka ukuta.

Hesabu ya bando, ifanye mwenyewe

Spidi ni jambo moja, kiasi cha data ni jambo lingine kabisa, na hapa ndo hela inapopotelea. Chukua karatasi. Kamera inatumia megabiti 1 kwa sekunde, siku ina sekunde 86,400, kwahiyo siku nzima ni megabiti 86,400. Megabiti 8 ndo zinafanya megabaiti 1, gawa kwa 8, unapata megabaiti 10,800, karibu GB 11 kwa siku. Mwezi wa siku 30 ni GB 324. Hiyo ni kamera moja inayotuma video nje mchana na usiku. Ikiwa inatumia 2 Mbps basi ni GB 648. Na tukumbuke tangu Julai 2021 kwenye data tunayonunua kuna ushuru wa asilimia 12, sijataja hata VAT, hivo kila GB inayotoka bure bure umeilipia mara ya kwanza na ya pili.

Sasa geuza. Video isitoke nje, ibaki kwenye memori kadi ndani ya kamera, wewe unafungua tu kuchungulia dakika 10 kwa siku. Dakika 10 kwa 1 Mbps ni megabaiti 75, mwezi mzima GB 2 na robo. Na ukichungulia kwa ile picha ndogo, maana kamera karibu zote zinatoa picha mbili, kubwa na ndogo, ile ndogo inaweza kwenda na 0.4 Mbps tu, dakika 10 zinakula megabaiti 30. Kutoka GB 324 mpaka chini ya GB 1 kwa mwezi, kamera ile ile, tofauti ni mahali unapohifadhi na picha unayofungua. Kama utakumbuka kitu kimoja kwenye maneno haya yote, kumbuka hesabu hii.

Kuna jambo watu hawalioni: ukiangalia kamera ukiwa nje ya nyumba unalipa pande mbili. Bando la nyumbani linapandisha, na bando la simu yako linashusha. Megabaiti 75 nyumbani na nyingine 75 kwenye simu.

Mzee mmoja njia ya Bombo alinipigia akalalamika, "Mwanangu, hii kamera inamaliza data kuliko wajukuu wote, na mimi hata siifungui." Nikamwambia, "Mzee, hebu ifungue sasa hivi tuone inaangalia nini." Akafungua. Kamera ilikuwa juu ya geti, inatazama barabara, na ng'ambo ya barabara kuna stage ya boda. Kila boda ikipita, kamera inaamka, inarekodi sekunde 15, inapeleka klaudi, yaani kwenye seva za kampuni huko mtandaoni, inatuma arifa kwenye simu. Tukapiga hesabu pamoja: tuseme inaamka mara 600 kwa siku, kila mara sekunde 15 kwa 1 Mbps, hiyo ni zaidi ya GB 1 kwa siku, kama GB 34 kwa mwezi, na zote ni video za boda. Tulichofanya ni kuinamisha kamera iangalie ndani ya boma na mlango mdogo wa geti, tukachora eneo la kuangaliwa kwenye programu yake ili barabara ibaki nje ya mstari, tukawasha ile ya kutambua mtu badala ya kila kinachotikisika, tukazima klaudi na kumwekea memori kadi. Kamera haikubadilishwa. Ndo maana nasema kabla ya kununua nyingine, kwanza angalia setingi za uliyonayo.

Laini ipi, kamera ipi

Kama una faiba isiyo na kikomo cha data, hapo Kampala au Entebbe au sehemu za miji mingine ambako imefika, wewe uko huru zaidi. Unaweza kuweka kamera tatu au nne za megapikseli 3 au 4 na hata klaudi ukitaka. Soma tu mkataba wa laini, kwasababu baadhi ya hizi "anlimited" zina kiwango cha matumizi, ukikivuka wanakupunguzia spidi mpaka mwezi uishe. Na uliza spidi ya kupandisha kwa jina, wakuandikie.

Kama ni rauta ya 4G ya bando, na hapa ndo wengi tulipo, chagua 1080p au megapikseli 3 yenye H.265, yenye nafasi ya memori kadi, inayokuruhusu kubadilisha ubora wa picha na spidi ya picha kwa sekunde. Picha 15 kwa sekunde zinatosha kabisa kwa nyumba, huna haja ya 30. Kamera moja au mbili. Halafu kuna jambo la IP, yaani anwani ya laini yako mtandaoni: laini za simu mara nyingi zinawaweka wateja wengi nyuma ya IP moja ya nje, kwahiyo yale mafundisho ya zamani ya kufungua poti, yaani njia ya kuingilia kutoka nje, kwenye rauta ili ufikie kamera hayafanyi kazi, fundi akikuambia atakufungulia poti kwenye rauta ya simkadi muulize vizuri. Unachohitaji ni kamera ya kuskani QR, ambayo yenyewe inaenda kwenye seva ya kampuni na simu yako inaenda pale pale, wanakutanishwa. Ndivo zinavyofanya kamera za EZVIZ, Imou, Tapo na nyingine nyingi. Ni rahisi, ila ujue seva hiyo mara nyingi iko nchi ya mbali, hivo kuchelewa sekunde mbili tatu ni kawaida na hakumaanishi kamera mbovu.

Kama intaneti ya nyumbani ni hotspoti ya simu yako, nakuomba usinunue kamera ya waifai ukitegemea kuiangalia ukiwa kazini. Simu ikitoka mlangoni intaneti imetoka nayo. Kamera itaendelea kurekodi kwenye kadi kama ina kadi, hilo ni jambo jema, na baadhi zinaweza kutoa waifai yao wenyewe ukaangalia ukiwa karibu bila data yoyote. Kwa mtu wa chumba kimoja au viwili hiyo inaweza kutosha kabisa, unarudi jioni unaangalia nani alikuja mlangoni. Ila kama unataka kuona ukiwa mbali, nenda kwenye kamera yenye simkadi yake.

Hizi za simkadi ya 4G zimesaidia sana watu wenye shamba Luweero au nyumba inayojengwa Mukono ambako saruji na nondo vinatembea usiku. Nyingi zina betri na sola. Mambo ya kuangalia ni haya: kwanza, zinatengenezwa matoleo tofauti kwa nchi tofauti, masafa ya 4G ya Marekani siyo ya huku, kwahiyo usilipe mpaka umeweka simkadi yako pale dukani na kuona inashika mtandao. Pili, simkadi isajiliwe kwa jina lako, na chagua mtandao unaoshika pale shambani kwa nguvu, siyo unaoupenda wewe, nenda na simu yenye laini mbili ukapime mahali penyewe kamera itakapokaa. Tatu, ya betri hairekodi muda wote, inalala, na sensa ya joto la mwili ndo inaiamsha mtu akipita, hivo inakula data kidogo lakini inaweza kukosa sekunde za mwanzo au mtu aliye mbali. Kama unachotaka ni rekodi ya saa 24 bila kukatika, ya betri siyo yako.

Sola yenyewe, sisi tuko kwenye ikweta, jua linapita karibu juu ya kichwa, kwahiyo paneli isisimamishwe wima kama inavyooneshwa kwenye boksi. Ilaze, na mteremko mdogo tu wa kuruhusu mvua kuosha vumbi. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, ndo itakuonesha kama betri inatosha, hasa paneli ikiwa chini ya mwembe.

Na nyumba kubwa inayotaka kamera nne, sita, nane, hapo mi nasema waya. Kamera za kebo zinazopata umeme na mtandao kwenye waya mmoja, zinaungwa kwenye mashine ya kurekodi yenye diski kubwa ya kuhifadhia ndani. Kebo moja inafika mita 100. Video zote zinabaki ndani ya nyumba, waifai inabaki ya watu, na intaneti inatumika pale tu unapofungua kuangalia. Gharama ya mwanzo iko juu na kazi ya kupitisha waya ni kubwa, lakini mtu mwenye rauta ya kawaida ya bando anaweza kuwa na kamera nane za hivi bila shida yoyote, wakati kamera nane za waifai zingeua rauta hiyo hiyo siku ya kwanza, na mifi ndogo nyingi zinabeba vifaa kama 10 tu na simu za familia zimo humo. Sisitiza kebo iwe ya shaba tupu. Ile ya alumini iliyopakwa shaba ni nyepesi na bei yake inavutia, lakini kwa umbali mrefu umeme unapungua njiani na kamera inazimika usiku pale taa zake za gizani zinapowaka.

Waifai inafika getini kweli?

Intaneti inaweza kuwa nzuri sebuleni na getini hakuna kitu. Nyumba zetu zina kuta za tofali, milango ya chuma, nondo za madirisha, mabati, na chuma ndo adui mkubwa wa waifai. Pakua programu ya kupima nguvu ya waifai kwenye simu halafu tembea taratibu. Kando ya rauta utaona kama -45, ukitoka barazani -60 na kitu, nyuma ya geti la chuma inaanguka -78 au -80. Namba ikikaribia sifuri ndo nzuri. Mpaka -67 kamera inafanya kazi vizuri, kati ya hapo na -75 itakusumbua siku nyingine, ikishuka kupita hapo kuelekea -80 usitundike kitu. Simu ishike mahali penyewe kamera itakapokuwa, juu ya ukuta, siyo mkononi ukiwa umesimama chini.

Kamera nyingi za bei ya kawaida zinatumia waifai ya masafa ya 2.4 GHz peke yake. Hilo siyo kosa, 2.4 inapenya ukuta kuliko 5 GHz, ila kama rauta yako imeunganisha zote mbili kwa jina moja kamera inaweza kukataa kuungana, ingia kwenye rauta uzitenganishe majina. Na kwenye majengo ya kupanga ambako kila mlango una rauta, weka chaneli ya 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajajazana.

Mara nyingi dawa ni kusogeza rauta karibu na dirisha la upande wa geti, haigharimu chochote. Ikishindikana vuta kebo moja mpaka barazani uweke rauta ndogo pale. Zile mashine ndogo za kuirudia waifai na kuipeleka mbele, za kuchomeka kwenye soketi, zinasaidia, lakini kadri signo inavyorudiwa spidi inapungua, kwahiyo usizipange mbili mbili.

Kadi, umeme na siku ambazo intaneti haipo

Memori kadi ya GB 128 kwa kamera ya 1 Mbps inabeba kama siku 11 za kurekodi bila kukatika, halafu inaanza kufuta za zamani. GB 64 ni siku tano na kitu. Kwa nyumba nyingi hiyo inatosha, maana ukiibiwa utajua siku hiyo hiyo au kesho yake. Nunua kadi zilizotengenezwa kwa ajili ya kurekodi muda wote, zinaandikwa "endurance" kwenye pakiti, kadi ya kawaida ya simu inachoka haraka kwa kuandikwa mchana na usiku. Kadi feki zimejaa mjini, imeandikwa 256 kumbe ni 8, kwahiyo ijaribu kwenye kompyuta kwa programu ya H2testw kabla ya kuiamini, halafu iformatie ndani ya kamera yenyewe.

Lakini mwizi akibeba kamera amebeba na kadi. Ndio, na ndo sababu pekee inayonifanya nikubali klaudi kwa mtu mwenye bando: iwashe kwa kamera moja tu, ya mlango mkuu, na kwa matukio ya mtu tu, siyo saa 24. Matukio 20 kwa siku ya sekunde 15 ni kama GB 1 kwa mwezi, hilo linabebeka. Au weka kamera mbili zinazotazamana, anayeng'oa ya kwanza anaonekana kwenye ya pili.

Kamera inayotegemea klaudi peke yake mi siipendi kwa Uganda. Januari 2021 wakati wa uchaguzi intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kama tano, na aliyekuwa na kamera ya klaudi bila kadi hakuwa na rekodi hata moja ya siku zile, wakati mwenye kadi rekodi zake zote zilikuwepo. Na siyo lazima iwe nchi nzima, hata bando likiisha saa saba usiku ni hivo hivo. Muulize muuzaji swali moja: intaneti ikikatika, kamera inaendelea kurekodi? Na akujibu kwa kuonesha, achomoe rauta pale pale.

Umeme pia. Ukikatika, au Yaka, umeme wa kulipia kabla, ikiisha usiku, kamera na rauta vinazimika pamoja. Kuna betri ndogo za rauta za volti 12, zinakaa katikati ya adapta na rauta, zinaishikilia saa kadhaa, na kamera inayotumia volti 5 unaweza kuipa pawabenki inayokubali kuchajiwa na kutoa kwa wakati mmoja. Kamera nyingi za bei nafuu hazina saa ya ndani, hivo umeme ukirudi kabla ya intaneti zinaandika tarehe ya uongo kwenye video, na video yenye tarehe ya uongo ni ngumu kuipeleka polisi. Kwahiyo rauta ndo iwe ya kwanza kupata betri. Na kwa ajili ya radi, sisi wa pande za ziwani tunajua radi zetu, weka kinga ya umeme kwenye soketi, na kwa kebo zinazotoka nje weka kinga yake pia, radi ikipiga karibu inaingia kwa waya na kuua mashine nzima.

Paswedi na macho ya watu wengine

Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kiliingia kwenye kamera na mashine za kurekodi nyingi sana duniani kwa kujaribu tu paswedi za kiwandani, na tarehe 21 Oktoba zikatumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn, Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi. Kwako wewe maana yake ni kwamba kamera iliyoingiliwa inapandisha takataka usiku kucha kwa bando lako. Badilisha paswedi siku ya kwanza, iwe ndefu, usitumie ya barua pepe yako, washa uthibitisho wa hatua mbili kama upo, na sasisha programu ya kamera. Fundi akimaliza kazi hakikisha akaunti imefunguliwa kwa simu yako na siyo yake. Hili nalisisitiza kwa upendo kabisa, kuna watu wanaishi miaka na fundi ana picha za sebule yao kwenye simu.

Chumbani na bafuni usiweke, hata kama kampuni ni kubwa. Februari 2024 wateja kama 13,000 wa Wyze walioneshwa picha za kamera za watu wengine kwa hitilafu ya mfumo. Na usielekeze kamera dirishani kwa jirani, kifungu cha 27 cha Katiba ya Uganda kinalinda faragha ya mtu na nyumba yake, na tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019. Msichana wa kazi naye aambiwe kamera iko wapi, ni haki yake kujua.

Ukifika dukani

Nenda na karatasi yako yenye spidi ya kupandisha, bando la mwezi na namba ya waifai pale getini. Omba waifungue kamera kwa hotspoti ya simu yako, siyo kwa intaneti ya duka. Angalia kama programu inakuruhusu kushusha ubora wa picha, kuchora eneo, kuchagua mtu peke yake, na kuzima klaudi bila kupoteza kurekodi kwenye kadi. Kama unafikiria kuja kuunga mashine ya kurekodi baadaye, uliza kama ina ONVIF, maana yake itaongea na mashine za kampuni nyingine. Kampuni kubwa zinaleta masasisho, zile zisizo na jina zinazotumia programu ya V380 bei yake ni ya chini na zinafanya kazi, ila usalama wake siuamini sana, kwa kibanda cha kuku sawa, kwa sebule hapana. Adapta iwe ya pini tatu za huku, na uandikiwe risiti yenye garanti.

Ukishaitundika, siku ya kwanza fungua rauta au programu ya laini yako uandike bando limebaki kiasi gani, rudia siku ya pili na ya tatu saa ile ile. Kama familia haijabadilisha matumizi na bando linashuka kwa GB 1 au zaidi kila siku bila wewe kuifungua kamera, kuna klaudi imewashwa au kamera inaamshwa na kitu, mara nyingi matawi ya mti, au buibui aliyejenga mbele ya lenzi usiku akifuata wadudu wanaovutwa na taa. Futa lenzi, kata tawi, punguza sensa, kisha andika tena namba ya bando kesho yake.